Gari la zamani, breki za gari jingine

*Wenye magari ya miaka ya 1990 wanafunga kalipa na diski kubwa zilizong'olewa kwenye magari yenye nguvu zaidi. Wauzaji wanasema zinaingia bila kutoboa. Je, kuingia kunatosha?*

Kalipa mbili za aluminiamu zimelazwa juu ya gunia mbele ya kibanda cha spea, Gerezani, Dar es Salaam. Ubavuni zina herufi zilizosubiwa humohumo kwenye chuma: SUBARU. Rangi nyekundu imebabuka, vumbi jeusi la pedi limeganda kwenye pembe zote. Mpira mmoja wa kuzuia vumbi umechanika, na nyuma yake pistoni inaonyesha doa la kutu lenye ukubwa wa punje ya mtama.

Winga aliyesimama pembeni ana maelezo mafupi, yaleyale utakayoyasikia vibanda vinavyofuata: mzigo umetoka Japani, umeng'olewa kwenye Impreza WRX, na unakaa kwenye Forester, Legacy au Impreza ya kawaida ya zamani bila kutoboa wala kuchomelea. Kwa sehemu kubwa anasema kweli.

Na hapo ndipo penye ugumu. Kama kalipa hizi zisingeingia, biashara isingekuwepo. Zinaingia. Bolti mbili zinapata matundu yake, hosi inafungwa, tairi linarudishwa, na gari linatoka gereji likiwa na breki ambazo hakuna aliyezipima.

Wanunuzi si vijana wa kukimbiza magari peke yao. Wengi ni watu wazima wenye familia na gari moja, lile lile la kwenda kazini Jumatatu na kwenda Mbeya au Songea mwezi wa kumi na mbili. Safari moja ya mlima inatosha kuwatia hofu: pedali inaanza kuwa laini, harufu ya kuungua inaingia dirishani, na ukikanyaga tena mguu unazama. Wakirudi mjini, gereji inawapa jibu moja: breki za gari hili ni ndogo, tukutafutie kubwa.

Mlima Kitonga unapima nini

Breki hazisimamishi gari kwa nguvu za miujiza. Zinageuza mwendo kuwa joto, kisha zinatafuta mahali pa kuliweka joto hilo. Gari la kilo 1,400 likishuka kimo cha mita 500, na dereva akitegemea breki peke yake, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha ndoo ya lita 20 ya maji ya bomba. Joto lote hilo linaingia kwenye vipande vichache vya chuma, hasa vya magurudumu ya mbele.

Mteremko kama Kitonga, mkoani Iringa, hauulizi gari lina pistoni ngapi. Unauliza joto litakwenda wapi. Diski kubwa na nene, yenye matundu ya hewa katikati, hubeba joto zaidi kabla haijachemka, na hupoa upesi zaidi. Hiyo ndiyo faida halisi ya breki kubwa, na ni faida ya kweli.

Lakini breki hufa mlimani kwa njia mbili, na diski kubwa hutibu moja vizuri kuliko nyingine. Njia ya kwanza ni pedi kupata joto hadi zikapoteza ukali: pedali ni ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote, gari halipungui mwendo. Ya pili ni mafuta ya breki kuchemka. Hapo pedali inazama, kwa sababu mafuta hayabanwi lakini mvuke hubanwa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata gari likiwa limeegeshwa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji kwa kiwango kinachotumika kwenye vipimo, yanaweza kuchemka kwenye 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Katika mji wa pwani kama Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa yenyewe imelowa, mafuta ambayo hayajabadilishwa tangu gari lishuke melini ni mgonjwa anayejulikana.

Wengi wanaotafuta kalipa kubwa wangeanza na chupa ya mafuta mapya ya breki.

Nasema hivyo bila kumdharau mtu. Kumwaga mafuta ya zamani, kutia mapya na kutoa upepo magurudumu manne ni kazi ya asubuhi moja, lakini haionekani kwa macho. Kalipa nyekundu inaonekana kupitia rimu. Mteja anapenda kuona alicholipia, na fundi anajua hivyo.

Kitu cha pili kisichoonekana ni tairi. Gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, juu ya lami kavu na matairi mazuri, hesabu ya darasani inatoa mita 49 hivi hadi lisimame, ukiacha muda wa dereva kushtuka. Mshiko wa tairi ukishuka kutoka 0.8 hadi 0.5, kama ilivyo kwa tairi zilizoisha juu ya lami yenye maji, umbali unafika karibu mita 79. Kama breki za zamani tayari zina uwezo wa kufunga magurudumu, kalipa mpya haiongezi hata sentimita moja kwenye mshiko huo.

Zinatoka wapi

Magari mengi ya mkono wa kulia yanayotembea Tanzania, Kenya na Uganda yalianza maisha Japani. Huko gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi huo una gharama. Mwenye gari akipiga hesabu huona ni nafuu kuliuza. Mengine hupanda meli yakiwa mazima. Mengine hukatwa nusu, injini na giaboksi zikiwa ndani, yakaja kama spea. Njia nyingine hupitia Sharjah, Falme za Kiarabu, ambako eneo la viwanda lina yadi za spea zilizotumika zinazofahamika sana kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania haikuweka ukuta wa namna hiyo. Gari kuukuu huingia, ila hutozwa ushuru wa ziada kwa uzee wake. Matokeo yanaonekana barabarani: magari ya miaka 25 na zaidi yanayofanya kazi kila siku, na jirani yake soko la spea zilizotoka kwenye ndugu zake walio bora.

Neno ndugu hapa lina uzito. Subaru waliendelea kwa miaka mingi kutumia nafasi ileile kati ya matundu ya bolti za kalipa za mbele, kutoka gari la kawaida hadi la turbo. Ndiyo maana kalipa ya pistoni nne ya WRX, pamoja na diski yake ya milimita 294, inakaa mahali palipokuwa na diski ya 260 au 277. Toyota nao wana koo zao za namna hiyo. Mafundi wetu walilijua jambo hili kwa mikono, si kwa vitabu: walijaribu, ikakaa, wakaambiana.

Wauzaji wana hoja moja nzito ambayo watu wa spea mpya hawapendi kuijibu. Kalipa iliyotengenezwa na kiwanda cha gari, hata ikiwa na miaka 20, ilipimwa na kiwanda hicho. Boksi jipya linalong'aa la pedi, lenye nembo iliyokosewa herufi moja, halijulikani limepimwa na nani. Kati ya chuma kikuukuu cha asili na feki mpya, mimi pia ningechagua chuma kikuukuu. Ila feki mpya haigeuzi kila mtumba kuwa salama.

Pistoni nne si mara nne

Mauzo mengi hufanyika kwa hesabu ya vidole. Gari lako lina pistoni moja, hii ina nne, kwa hiyo itashika mara nne. Hesabu hiyo ni ya uongo, hata anayeisema akiwa anaiamini.

Kalipa ya kawaida yenye pistoni moja huteleza. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, na kalipa yote inavutwa upande wa pili ikaibana ya nje. Pistoni moja inafanya kazi ya pande zote mbili. Kalipa ya pistoni nne haitelezi. Mbili zinasukuma kutoka ndani, mbili kutoka nje. Kwa hiyo, ukitaka kulinganisha nguvu ya kubana, unahesabu pistoni za upande mmoja tu na kutazama ukubwa wa uso wake. Pistoni mbili ndogo zinaweza kulingana na moja kubwa, au hata kuzidiwa.

Diski nayo ina mchango wake. Kutoka milimita 277 hadi 294 ni ongezeko la asilimia 6 hivi, na nguvu ya kuzuia gurudumu huongezeka karibu kwa kiasi hicho. Si haba, lakini si muujiza. Kinachobadilika zaidi ni kwamba kalipa isiyoteleza hainyumbuki sana, pedi husagika sawasawa, pedali husomeka vizuri mguuni, na diski hustahimili joto.

Halafu kuna masta silinda, yule mzee wa ndani ambaye hakuna anayemkumbuka. Pedali inapokanyagwa, masta silinda husukuma mafuta kiasi fulani tu. Pistoni za mbele zikiwa na eneo kubwa kuliko zile za awali, zinahitaji mafuta mengi zaidi ili zifike mahali palepale. Pedali itashuka zaidi kabla ya kushika. Dereva ataona breki laini na kusema bado kuna upepo. Fundi atatoa upepo kutwa, na hakuna upepo.

Dawa ni masta silinda ya gari lilelile lililotoa kalipa. Ukizidisha ukubwa, pedali inakuwa fupi na ngumu, na mtu mwenye mguu mwepesi hatasimamisha gari kwa wakati.

Somo la Datsun

Wapenzi wa Safari Rally wa umri fulani hawahitaji kuelezwa Datsun 240Z ni nini. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuja kuwa dereva wa Kenya, alishinda nayo pamoja na Lofty Drews. Nyuma ya uso wake mrefu, gari hilo lilikuwa na diski za mbele zisizo na matundu ya hewa, na dramu nyuma.

Wamiliki wake nchini Marekani waligundua zamani kwamba kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux 4x4, zile za kuanzia 1979 hadi 1985, zinakaa kwenye 240Z zikibana diski yake ya asili, baada ya kukata au kuondoa bati la kuzuia vumbi. Kalipa ya pikapu kwenye gari la michezo. Ni badiliko la bei ndogo lililopata umaarufu mkubwa.

Waliolifanya kwa umakini hawakuishia hapo. Walitoa masta silinda ya inchi 7/8 wakaweka ya inchi 15/16 kutoka 280ZX, gari la baadaye la ukoo uleule. Eneo la kusukuma mafuta likaongezeka kwa asilimia 15 hivi. Waliotaka diski yenye matundu ya hewa walichukua kalipa nyingine ya Toyota, pana zaidi, pamoja na diski ya 300ZX, na kuweka kipande cha kuisogeza diski ikae sawa na kalipa. Kisha wakageukia nyuma, maana mbele ilikuwa imetangulia.

Kwa nini nyuma? Gari likifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Kiwanda hugawa nguvu kwa makusudi ili magurudumu ya mbele yatangulie kufunga kidogo. Ya nyuma yakitangulia, gari linazunguka. Ukiongeza mbele peke yake, halizunguki, lakini dramu za nyuma zinabaki zikifanya kazi ndogo kuliko uwezo wake, na mbele inafunga mapema. Mtu ametumia fedha kuongeza umbali wa kusimama.



Ukibadilisha nyuma peke yake, kwa sababu diski nyuma zinapendeza, ndipo unapokaribisha balaa lenyewe. Gari la familia lenye mizigo na watoto, kona yenye mchanga, mguu wa ghafla: nyuma inatangulia.

Hitilafu zinazojificha

Kuna makosa ambayo mtu asiye fundi anaweza kuyaona mwenyewe, na mawili yanafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu yanarudiwa sana.

La kwanza ni la kushoto na kulia. Kila kalipa ina nati ndogo ya kutolea upepo, na nati hiyo lazima itazame juu, kwa kuwa hewa hupanda. Kalipa ya kushoto inaweza kufungwa kulia, bolti zikaingia bila ubishi wowote. Nati inatazama chini. Mafuta yanatoka safi, hewa inabaki imekaa juu kama imepanga nyumba, na pedali haitakuwa ngumu hata mkitoa upepo mpaka magharibi. Chuchumaa, tazama kupitia rimu. Ni ukaguzi wa dakika moja.

La pili ni la hendibreki. Subaru nyingi zenye diski nyuma huwa na dramu ndogo iliyofichwa katikati ya diski hiyo, na viatu vya hendibreki vinafanya kazi humo ndani. Kwenye modeli nyingi za kawaida dramu hiyo ina kipenyo cha milimita 170. Kwenye zile kali za STi ni 190. Ukileta diski ya 190 juu ya viatu vya 170, itaingia vizuri sana, tena kwa ulaini. Hendibreki itavutwa hadi juu na haitashika kitu. Kurekebisha kunataka kubadilisha bati la nyuma na viatu vyake, na hiyo ni kazi ya kushusha habu. Gereji yenye haraka huacha hivyo hivyo, na mwenye gari anajifunza kutembea na jiwe la kuweka nyuma ya tairi.

Mengine ni mepesi kuyataja. Diski ya 294 mara nyingi hudai rimu ya inchi 16; ya 15 inaweza kugusa kalipa, na nimeona suluhisho la kusaga kalipa kwa grainda, jambo ambalo halina utetezi wowote. Gari lenye ABS lina kompyuta iliyofundishwa breki za awali. Hosi iliyovutwa kidogo tu usukani ukiwa umenyooka, itakatika usukani ukikatwa hadi mwisho.

Kipi mtumba, kipi kipya

Gerezani, au kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mzozo huu hauna pande mbili zilizonyooka. Mafundi wazuri wenyewe hawakubaliani. Wapo wasiogusa breki za mtumba kabisa. Wapo wanaofunga kila siku na hawajawahi kurudishiwa gari. Wahandisi wanaopinga hutaja jambo moja ambalo fundi hawezi kulikana: historia ya kipande haijulikani. Gari lililotoa kalipa hiyo huenda liligongwa. Huenda lilizama kwenye mafuriko. Huenda lilitoka mkoa wa theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi imekula chuma kutoka ndani.

Nikizipima hoja hizo, naona mpaka upo, na haupiti kati ya kipya na kikuukuu. Unapita kati ya chuma na mpira. Mwili wa kalipa, kama haukupasuka wala kuliwa, unaweza kuishi maisha mawili. Sili za pistoni, mipira ya kuzuia vumbi, hosi, pedi na mafuta haviwezi. Kalipa ya mtumba inatakiwa ifunguliwe, pistoni zitolewe kwa upepo wa kompresa huku kipande cha mbao kikizuia zisiruke, zioshwe, zitazamwe kwenye mwanga. Pistoni yenye doa la kutu mahali sili inaposugua, kama ile ya juu ya gunia, haifai. Sili mpya juu yake itachanika, na mafuta yatavuja taratibu, upande mmoja. Gari litaanza kuvuta pembeni kila likifunga breki.

Diski ina siri yake imeandikwa juu yake. Pembeni au kwenye kitovu pana maandishi MIN TH na namba: unene wa chini unaoruhusiwa. Diski ya Subaru iliyozaliwa na milimita 24 huandikwa 22. Kwa hiyo maisha yake yote ni milimita mbili, na nyingi za mtumba zimeshazila. Mteja asiye na kipimo huambiwa itakerezwa. Kukereza kunapunguza unene, hakuongezi.

Pedi zilizokuja ndani ya kalipa za zamani zitupwe, na vumbi lake lisipulizwe kwa kompresa usoni pa watu. Baadhi ya pedi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Vijana wanaojifunza kazi ndio wanaopewa kazi ya kupuliza.

Ukijumlisha sili, hosi, pedi, diski mpya, mafuta na ufundi, zile kalipa za bei rahisi si rahisi tena. Wengi huishia kununua kalipa na kuahirisha mengine hadi mwisho wa mwezi. Hapo ndipo ajali inapopewa nafasi.

Nani anapima

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inataka gari liwe zima, na kila mwaka Wiki ya Nenda kwa Usalama huleta stika mpya kwenye vioo. Askari mwenye foleni ya magari mbele yake hutazama taa, tairi, hendibreki ikivutwa. Kalipa ya gari jingine hawezi kuijua, na pengine haimhusu.

Kipimo kinachosema kitu ni mashine ya roli, inayozungusha magurudumu na kupima kila moja linashika kiasi gani. Uingereza hutumia hiyo kwenye ukaguzi wa kila mwaka: gari dogo lililosajiliwa kabla ya Septemba 2010 linatakiwa lifikishe ufanisi wa asilimia 50, na tofauti ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja isizidi asilimia 30. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi. Aliyebadilisha breki anatakiwa alipeleke gari kwa wakaguzi na badiliko hilo liidhinishwe kwa maandishi.

Sitetei kuleta urasimu wa Ujerumani Gerezani. Lakini gari lililofungwa breki za gari jingine lingepitishwa kwenye roli mara moja tu, kabla ya kwenda Iringa, mafundi wenyewe wangepata cha kujivunia au cha kurekebisha. Kwa sasa majaribio hufanyika mtaani: fundi anaendesha mpaka kona, anakanyaga, tairi zinalia, kazi imekwisha. Majaribio hayo yanathibitisha kwamba breki zikiwa baridi zinaweza kufunga magurudumu kwa mwendo mdogo. Hata dramu za 1975 ziliweza.

Gari lililorefushwa

Wakati tunawakaba wenye Subaru, Arusha na Nairobi kuna badiliko kubwa zaidi ambalo halizui mjadala. Land Cruiser za watalii hukatwa katikati, zikarefushwa, zikaongezwa safu ya viti, paa la kunyanyuka, friji, matairi mawili ya akiba. Gari linapata uzito mpya na watu zaidi. Breki mara nyingi zinabaki zile zilizokuja na gari fupi.

Kimahesabu ni tatizo lilelile limegeuzwa: mwenye Forester anaongeza breki bila kuongeza uzito, mwenye gari la safari anaongeza uzito bila kuongeza breki. Huyu wa pili ndiye anayepanda na kushuka kingo za Ngorongoro akiwa na wageni, barabara ya vumbi, kila siku ya msimu. Wenye karakana makini huimarisha springi na chesisi. Swali la diski na kalipa lingestahili kuulizwa kwa sauti ileile.

Kadi haisemi

Kadi ya gari inaandika namba ya chesisi, namba ya injini, rangi. Ukibadilisha injini unatakiwa kutoa taarifa. Kuhusu breki, kadi iko kimya, na fundi aliyezifunga haandiki popote.

Kisha gari linauzwa. Mmiliki mpya, miezi minane baadaye, anakwenda dukani kununua pedi na kutaja modeli na mwaka. Anapewa pedi sahihi za gari hilo, ambazo haziingii, kwa kuwa chini kuna kalipa ya WRX. Anarudi dukani, wanagombana, anapewa nyingine. Akibahatika atakutana na fundi atakayezitambua kwa macho. Asipobahatika, atakutana na fundi mwenye grainda.

Kibati kidogo chini ya boneti chenye maneno matatu, modeli ya gari lililotoa kalipa, mwaka wake na kipenyo cha diski, kingemaliza ugomvi huo. Kwenye vibanda vya spea, wanaochonga namba za magari kwenye vioo vya pembeni wapo hatua chache tu, na mashine zao zinaandika chochote utakachowaambia.